Benchi la Wenye Maslahi

6 Februari

Mdogo wangu,

Hamjambo wewe na mkeo, na mapacha wameacha kukohoa? Sisi huku tunapumua. Shemeji yako mgongo umemwachia, amerudi kwenye lori lake. Kitinda mimba wangu kang'oka meno mawili ya mbele na bado anasema kuliko mimi. Mama mdogo anauza vitunguu kwenye meza ileile aliyoachiwa na mama, na habari ya kupumzika hataki hata kuisikia. Nitamrudia, maana yeye ndiye sababu ya barua hii.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwa simu unanikatiza kila sentensi: "Dada, subiri. Dada, ngoja kwanza." Kwenye karatasi huna mdomo. Soma mpaka mwisho.

Choo cha soko unakikumbuka. Mwaka juzi Mwenyekiti wa baraza alikibomoa, akasema ni ukarabati. Matofali yakaondoka, mabati yakaondoka, na mahali pake leo shemeji yake anaosha magari. Maji yapo, mdogo wangu! Mpira unamwaga maji kutwa juu ya boneti za watu, na ng'ambo ya ukuta huohuo wanawake mia mbili na zaidi wanakaa tangu alfajiri hadi jioni hawana pa kwenda. Mama mdogo amejitungia dawa yake: hanywi maji. Chai kikombe kimoja kabla ya kutoka, basi, midomo mikavu mpaka arudi nyumbani. Daktari kamwambia figo zinalalamika. Kamjibu, "Ziambie zivumilie, mbona mimi navumilia."

Ndiyo maana niligombea udiwani. Sikufuata kiti, viti nauza mwenyewe dukani. Hoja yangu ina mistari mitatu: soko lijengewe choo; kijengwe kwenye eneo la wazi la baraza nyuma ya soko; kianze kwa bajeti ya mwaka huu. Hesabu nimepiga mwenyewe, tofali kwa tofali, na nimeandika kwamba duka langu halitauza hata msumari mmoja, wasije wakanisingizia. Miaka kumi na minane niko kwenye vifaa vya ujenzi. Choo kinakula nini, najua.

Sasa sikia walichonifanyia.

Baraza lina wajumbe kumi na wawili pamoja na Mwenyekiti. Mmoja yuko hospitali tangu mwaka jana, kwa hiyo tulikaa kumi na mmoja. Akidi ni saba. Wanawake wa soko walijaa benchi za nyuma, mama mdogo mbele yao. Na kura ni ya kunyoosha mkono, uchaguzi ni mwakani. Nani atanyoosha mkono kukataa choo huku wapiga kura wanamtazama? Nikajisemea, leo nimewapata.

Mwenyekiti akasoma, "Ajenda namba tano, hoja ya Mheshimiwa wa Soko." Akasimama yule diwani tunayemwita Kipaza, kwa sauti yake.

"Mwenyekiti, natangaza maslahi."

"Maslahi gani, Mheshimiwa?"

"Shemeji yangu ni fundi bomba. Huenda akapata kazi pale."

"Asante kwa uadilifu wako. Tupishe."

Akatoka. Akasimama wa pili: mke wake anauza sabuni, na choo kitahitaji sabuni. Wa tatu: yeye hununua nyanya sokoni. Wa nne: "Na mimi pia." "Pia nini?" "Kama alivyosema mwenzangu." Wa tano alikuwa ameshafika mlangoni ndipo akakumbuka kusema kitu.

Mwenyekiti akatuhesabu kwa ncha ya kalamu. "Tumebaki sita. Akidi haipo. Hoja imeanguka kwa leo." Muuza mchicha mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Wale wamekwenda chooni?" Walicheka wote, mimi sikucheka. Maana ni kweli, ukumbi wa baraza una choo. Wao wanacho.

Wewe ni katibu wa baraza huko kwenu mwaka wa tisa huu. Niambie: huo ni utaratibu au ni wizi?

Dada yako, mwenye hasira zake timamu

27 Februari

Dada,

Barua yako imefika na nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoamuru. Mapacha wamepona, sasa wanapigana badala ya kukohoa. Wifi yako anakusalimu, anashona mapazia ya watu usiku. Ofisini kazi ipo, ila si yote ya kuandika kwenye barua. Mpe mama mdogo pole, na umwambie figo hazijui ushujaa.

Umeuliza utaratibu au wizi. Ni utaratibu uliotumika kuiba. Kanuni inamtaka mjumbe mwenye maslahi aseme mwenyewe na atoke, na Mwenyekiti hana mamlaka ya kumpima kama anasema kweli. Walioiandika walimwogopa mtu atakayeficha maslahi. Hawakufikiria kwamba atatokea wa kuyazua.

Fanya haya mawili. Kwanza, kikao kijacho dai kila anayetoka aseme sababu yake kwa kinywa chake, na katibu wenu aiandike kama ilivyosemwa. Pili, rudisha hoja ileile. Usibadilishe hata neno moja, hata nukta, wasije wakakwambia ni hoja mpya. Usiniulize kwa nini. Fanya tu.

Na mimi nina swali. Hilo eneo la wazi la nyuma ya soko, ni upande wa ghala au upande wa kiwanja cha mama?

Mdogo wako

3 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwa wote na hongera kwa mapacha wanaopigana, ndio uzima huo. Huku hatukuwa wazima sana. Mama mdogo alianguka mezani pake, juu ya vitunguu vyake. Tumemlaza hospitali siku tatu. Daktari alinivuta pembeni akaniambia maneno ambayo sitaki kuyaandika, ila jumla yake ni hii: akiendelea kukaa mkavu hivi, mwakani tutamsindikiza kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki. Siku ya nne alikuwa sokoni. Nilimpelekea chupa ya maji. Akaiweka chini ya meza, akafunika na gunia.

"Mama mdogo, kunywa."

"Nikinywa, utanibeba mgongoni unipeleke wapi?"

Nikaanza kumpangia vitunguu vyake. Mimi, mwenye jibu la kila mtu.

Kikao cha pili kilikuwa wiki iliyopita. Nilirudisha hoja bila kugusa hata nukta. Walitoka walewale watano, lakini safari hii nilisimama kila mmoja alipoinuka: "Mwenyekiti, sababu itamkwe na iandikwe." Katibu wetu, msichana mmoja mkimya, aliandika huku amejiuma mdomo asicheke. Wa sabuni alisahau kwamba alisema sabuni, akasema binti yake anasoma uhandisi. Wa nyanya akasema ameacha kula nyanya lakini bado ana hisia na soko. Hisia! Tukabaki sita, hoja ikaanguka.

Mwenyekiti akatangaza kwamba ikianguka mara ya tatu itafutwa kwenye ajenda mwaka mzima. Kisha akanifuata koridoni, mkono begani kama baba mkwe. "Mheshimiwa, mambo ya choo ni mambo ya nyumbani. Baraza lina mambo makubwa." Nikamwambia, "Basi nikaribishe nyumbani kwako, mimi na wenzangu mia mbili, kila siku kuanzia alfajiri." Mkono ukashuka.

Uliniuliza kitu kuhusu eneo. Nitakujibu nikipata nafasi.

Dada yako

19 Aprili

Dada,

Habari za mama mdogo zimetukosesha usingizi nyumba nzima. Tunamwombea. Sisi ni wazima kwa miili.

Sasa nakwambia kwa nini nilikukataza kugusa nukta. Soma kanuni za baraza lenu, sehemu ya akidi, kifungu cha mwisho ambacho hakuna anayekifikia. Kinasema: hoja ileile ikianguka mara mbili kwa kukosa akidi, katika kikao cha tatu akidi ya hoja hiyo itakuwa theluthi ya wajumbe. Yenu ni nne. Kwa hiyo waache watoke. Usiwazuie, usinune. Na kifungu cha maslahi kinasema aliyetoka harudi mpaka hoja iamuliwe. Watakuwa wamejifungia nje kwa mikono yao.

Usimwambie mtu mapema.

Lakini Dada, hukunijibu, kwa hiyo najijibu mwenyewe. Ni upande wa kiwanja cha mama. Kile kilichoandikwa jina lako na langu. Leo mbele yake ni uchochoro wa kutupia taka, hakuna anayekitamani. Siku choo kikifunguliwa, watu mia mbili watapita hapo kila siku, na mahali wanapopita watu mia mbili wewe unajua kuliko mimi panakuwa nini. Hayo ni maslahi. Ya kweli, si ya nyanya. Kanuni haiulizi kama nia yako ni njema. Lazima utangaze, na lazima utoke.

Nimewahi kumwona mjumbe mwenye maslahi aliyebaki kwenye kiti chake. Sitaki kulieleza hilo. Ila nakuomba usiwe wewe.

Mdogo wako

24 Aprili

Wewe,

Salamu utazipata nikipoa.

Kaa chini nikuhesabie, maana shule niliyokusomesha inaonekana hawakufundisha kujumlisha. Wale watano wakitoka tunabaki sita. Mwenyekiti hapigi kura mpaka zilingane. Wapiga kura ni watano: mimi, fundi cherehani, mwalimu mstaafu, muuza nyama na mwenye duka la dawa. Fundi na mwalimu ni wangu, nina hakika nao. Wawili wa mwisho wamelala kitanda kimoja na Mwenyekiti, mmoja kaahidiwa friji la machinjioni na mwingine sijui kaahidiwa nini. Nikiwa ndani: tatu kwa mbili. Choo kimejengwa. Nikitoka: mbili kwa mbili, na turufu ni ya Mwenyekiti. Choo kimekufa.

Unaona unachoniomba? Waongo watano watoke kwa uongo wao, na mimi nitoke kwa ukweli wangu, na sote sita tukae nje kama tuko sawa! Mimi na Kipaza! Na mama mdogo aendelee kufunika chupa na gunia ili wewe katibu ulale vizuri?

Kiwanja kile sijakiwaza hata siku moja. Sijakipima, sijakiuza, nimekiachia mbuzi. Na ulipokuwa unahitaji ada, mkaa niliouza kopo kwa kopo hukuuliza una maslahi ya nani.

Nimemaliza.

30 Juni

Dada,

Salamu zako hazijafika bado, kwa hiyo natanguliza zangu. Watoto wazima. Tumehamia nyumba ndogo zaidi, iko karibu na shule, inatufaa. Mama mdogo anaendeleaje?

Mkaa ule siusahau. Ndio maana nilichosema sikibadilishi.

Ukiniandikia, andika anwani ya nyumbani niliyoweka nyuma ya bahasha. Ya ofisini usiitumie.

Mdogo wako

8 Julai

Mdogo wangu,

Nimepoa kiasi cha kutoa salamu. Pokea. Mama mdogo yuko vilevile, yaani amekonda na anabisha. Kitinda mimba ameota meno mapya, makubwa kuliko uso. Kikao cha Mei hakikufanyika, ati ukumbi unapakwa rangi. Nimeingia kuangalia, wamepaka ukuta mmoja. Tarehe mpya ni ishirini na mbili mwezi huu.

Sasa la kwako. Bahasha yako haikuwa na muhuri wa baraza. Miaka tisa bahasha zako zina muhuri, hii haina. Nikanyamaza, nikasubiri. Wiki iliyopita shemeji yako amepeleka mzigo wa mabati huko kwenu, akapita barazani kukusalimu. Anasema alipelekwa nyuma, stoo, akakukuta umevaa koti la kijivu unawagawia wafagiaji mafagio na majembe. Anasema ulimkumbatia, ukamwomba asiniambie. Umemwomba mtu asiyejua kuficha hata zawadi ya siku yangu ya kuzaliwa.

Katibu wa baraza anahesabu mafagio! Nilikaa dukani nimeshika kalamu sijui naandika nini, mteja ananiita mara tatu. Nani amekuweka huko? Umeiba? Najua hujaiba. Umefanya nini? Na kwa nini nyumba ndogo "inatufaa"? Tangu lini nyumba ndogo ikamfaa mtu mwenye mapacha?

Kuhusu kikao, sijaamua. Usinisukume.

Dada yako

24 Julai

Mdogo wangu,

Hujanijibu, na mimi nakuandikia hivyohivyo. Wote huku wazima. Keti, hii ni ndefu.

Jioni ya kabla ya kikao nilikwenda kwa diwani mwenzangu, fundi cherehani, nikamkuta anapiga pindo la sare za shule. Nikampa kile kifungu cha theluthi, nimekinakili kwa herufi kubwa.

"Ukimsikia Mwenyekiti anataja akidi, simama usome hiki."

"Kwa nini usisome mwenyewe?"

"Sitakuwepo ndani."

"Utakuwa wapi?"

"Nje. Pamoja na wale."

Alisimamisha cherehani, akanitazama kama nimechanganyikiwa. Nikamweleza habari ya kiwanja. Akakikunja kile kikaratasi, akakitia kwenye kibeti chake cha pini.

Siku yenyewe wanawake walijaa mpaka mlangoni. Ajenda ya tano ikasomwa. Kipaza akainuka na fundi bomba wake, wakafuata wenzake, wepesi kama watu wanaokwenda kula. Wa tano alipokwisha kutoka, nikasimama.

"Mwenyekiti, na mimi natangaza maslahi."

Nikamgeukia katibu. "Njia ya kwenda kwenye choo hiki itapita mbele ya kiwanja alichotuachia mama yetu, mimi na mdogo wangu. Choo kikijengwa, kiwanja kitapanda thamani. Naomba iandikwe kama nilivyosema."

Mwenyekiti alitabasamu mpaka jino la mwisho. "Asante kwa uadilifu, Mheshimiwa. Tupishe." Nilipopita karibu na benchi za nyuma mama mdogo akanishika nguo. "Wee! Unakwenda wapi na choo changu?" Nilijitoa mkononi mwake. Hilo ndilo jambo gumu nililolifanya mwaka huu, nawe ndiwe uliyelitaka.

Koridoni kuna benchi moja la watu wanne. Tulikuwa sita. Kipaza akasogea kidogo, anacheka.

"Karibu, Mheshimiwa. Kumbe na wewe ni mwenzetu."

"Mimi si mwenzenu. Kunja goti, unanibana."

"Tulidhani utakufa na choo chako," akasema wa sabuni. "Si vibaya. Mwakani utaleta hoja ya maua."

Ndani Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuhesabu. "Tumebaki watano. Akidi ni saba. Hoja imeanguka kwa mara ya tatu, na kwa hiyo inafutwa..."

"Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti!"

Fundi ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine kumi. Akasoma kifungu chote. Kisha Mwenyekiti: "Katibu, hicho kitu kipo?"

"Kipo, Mwenyekiti."

"Tangu lini?"

"Tangu kanuni zilipochapishwa."

Kipaza aligeuka kunitazama. "Theluthi ya kumi na mbili ni ngapi?"

"Nne," nikamwambia. "Na ndani wako watano."

Aliruka kama kakalia kaa la moto. Akaufikia mlango, askari wa ukumbi akauziba kwa mkono. "Mheshimiwa, wewe umetangaza maslahi."

"Nimeyafuta!"

"Shemeji yako ameacha ufundi bomba?"

Vicheko vikapasuka ndani. Kipaza akarudi nyuma, uso umemvimba, na sote sita tukabandika masikio mlangoni. Sikio lake lilikuwa chini ya kidevu changu. Mwenyekiti akasema wanaokubali wanyooshe mikono. "Mmoja. Wawili." Akanyamaza.

Mdogo wangu, hao wawili niliwajua bila kuwaona. Nikajumlisha, nikatoa, ikabaki ileile: mbili kwa mbili na turufu. Nilikulaani. Sitakuficha, nilikutukana kwa jina lako la utotoni, pale pale, mbele ya maadui zangu.

Kilichofuata nimesimuliwa baadaye. Mama mdogo alisimama. Hakutamka neno, maana mwananchi kusema kikaoni ni kosa. Alisimama tu, akamtazama muuza nyama. Wanawake wote nyuma yake wakasimama. Mwenyekiti akapiga meza, "Kaeni!" Katibu, yule msichana mkimya, akasema, "Mwenyekiti, kanuni inawakataza kusema. Kusimama haikutaja."

"Watatu," nikasikia.

Mwenye duka la dawa alitazama dari, hakukubali wala hakupinga. Aliyepinga hakutokea. Tatu kwa sifuri, hoja imepita. Nilimuuliza muuza nyama kilichompata. Akasema, "Meza yangu inatazamana na yake. Kesho ningeuza nyama nikitazama wapi?"

Sasa hili ndilo linalonichemsha mpaka saa hii. Jana asubuhi Kipaza alipeleka pingamizi la maandishi: kura ibatilishwe, kwa kuwa mtoa hoja ana kiwanja jirani. Lilikuwa limeandikwa tayari, kwa mashine, tarehe yake ni wiki iliyopita! Walijua siku zote. Walikuwa wananisubiri nibaki kwenye kiti. Kwa hasira zao hawakusoma hata walichoandika, wakalipeleka hivyohivyo. Katibu akawafungulia muhtasari: ametangaza, ametoka. Wakaondoka na karatasi yao. Kwa hiyo ulikuwa sahihi, na bado nimekukasirikia, na hayo mawili yanakaa pamoja vizuri tu.

Mama mdogo alirudi sokoni akafukua chupa chini ya gunia, akanywa yote mbele ya wenzake, wakampigia vigelegele. Nusu saa baadaye alikuwa dukani kwangu anahema, kaja mbio na umri wake. "Hiyo kura yenu," akaniambia akielekea uani, "ina mlango na komeo?" Nimewapigia simu watu wa matofali leo, si dukani kwangu, kwa mshindani wangu. Fundi wa kwanza anaanza kuchimba Jumatatu.

Basi. Mimi nimetangaza yangu mbele ya watu, mama mdogo amenishika nguo. Sasa wewe. Nadhani kuna mjumbe huko kwenu aliyekuwa na maslahi akabaki ndani, na nadhani ulitakiwa uandike kwamba alitoka. Ndivyo?

Dada yako

9 Agosti

Dada,

Tumeisoma barua yako kwa sauti, mke wangu akacheka mpaka akaacha sindano. Mapacha wanamwita kila mtu Kipaza. Mpe mama mdogo heshima zangu, na umwambie anywe kidogo kidogo mpaka mlango ufungwe.

Ndivyo.

Ilikuwa zabuni ya kuzoa taka. Mjumbe ana hisa kwenye kampuni iliyoomba. Hakutangaza, alipiga kura, ikapita kwa kura moja, na kura hiyo ni yake. Kesho yake niliitwa nikaambiwa niandike kwamba alitoka. Nikasema sikumwona akitoka. Wakasema kuona si kazi yako, kazi yako ni kuandika. Waliniita mara tatu, kila mara kwa upole zaidi. Ya nne hawakuniita, waliniletea barua ya uhamisho. Wafagiaji wananiita Katibu wa Mafagio. Hawanicheki, wanataka nisikie mtu akiniita katibu.

Sikukwambia kwa sababu ungepanda lori la shemeji ukaja kupigana, na ungepigana vizuri, na wangekufungia.

Wamepata katibu mpya. Ameandika kwamba mjumbe alitoka, na kitabu kimefungwa, kimepigwa muhuri. Lakini mimi nilikuwepo, Dada. Alikuwa kiti cha tatu kutoka dirishani, na alikuwa amekaa.

Mdogo wako